Mpanda Ngazi Hushuka

Somo juu ya mlima upandwao na kushukwa kwa siku moja



Wazee wetu walisema, Mpanda ngazi hushuka. Mara nyingi twaitumia mithali hiyo kumwonya mtu aliyepewa cheo, asisahau ya kuwa iko siku atakapokiacha. Lakini katika somo la mwezi huu twaitwaa kwa maana yake iliyo wazi: kila apandaye juu sharti ashuke tena, wala hatashushwa na mtu, ila kwa miguu yake mwenyewe. Naye asiyefanya hesabu ya kushuka kabla hajaanza kupanda, huenda asirudi nyumbani.

Vijana wa sharika zetu hupenda kwenda milimani pamoja, kutoka alfajiri na kurudi jioni. Ni jambo jema. Mwili hupata nguvu, macho huiona nchi kwa upana wake, na wenzi hujuana njiani kuliko walivyojuana nyumbani. Lakini nimeangalia ya kwamba maswali yao kabla ya safari ni haya: Mlima ni mrefu kiasi gani? Kileleni kuna nini? Tutafika saa ngapi? Ni mara chache nimesikia kijana akiuliza: Tutageuka saa ngapi? Nalo ndilo swali kuu kuliko hayo yote. Kwa ajili ya hilo nawaletea habari za mlima mmoja wa mbali, ambao habari zake zimeandikwa vizuri tangu zamani, ili tujifunze kwa mambo yaliyowapata wengine.

1. Mlima wenyewe

Katika nchi ya Marekani, upande wa magharibi, iko safu ndefu ya milima iitwayo Rocky Mountains, yaani Milima ya Miamba. Katika safu hiyo, jimbo la Colorado, ndani ya hifadhi iliyowekwa na serikali mwaka 1915, uko mlima uitwao Longs Peak. Jina hilo limetoka kwa Stephen Long, askari aliyeongoza msafara uliouona mlima huo kwa mbali mwaka 1820. Kimo chake ni mita 4,346 juu ya bahari.

Wale wanaoijua njia ya Marangu na waufikiri hivi. Kituo cha Horombo kiko mita 3,720, na kituo cha Kibo kiko mita 4,700 na zaidi. Basi kilele cha Longs Peak kingekuwa katikati ya vituo hivyo viwili, katika nchi ile kavu isiyo na mti. Tena kimepungua kidogo kuliko kilele cha Meru, chenye mita 4,566.

Mtu akisikia hesabu hiyo aweza kusema, Mlima huo si kitu. Lakini atazame tofauti. Apandaye Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hutumia siku tano au sita. Hulala njiani, mwili wake huizoea hewa kidogo kidogo, wapagazi humchukulia mzigo, na kila jioni hukuta nyumba na chakula cha moto. Apandaye Longs Peak, kwa kawaida, huenda na kurudi kwa siku moja. Huanza katika kituo kilichoko mita 2,867, hupanda mita 1,479 mpaka kileleni, kisha hushuka mita zizo hizo. Njia yote, kwenda na kurudi, ni kama kilometa 24, nayo huwachukua watu muda wa saa kumi mpaka kumi na tano. Mzigo auchukua mwenyewe, nyumba ya kulala haiko, na jua halimngojei.

2. Watu waliotangulia

Waarapaho ni kabila la wenyeji wa nchi ile. Mwaka 1914 wazee wao walisimulia ya kwamba zamani mtu wa kabila lao alikuwa na mtego wa tai juu kabisa ya mlima huo. Basi kilele kilijulikana kabla ya wageni kufika.

Kati ya wageni alikuwako William Byers, mwenye gazeti katika mji wa Denver. Mwaka 1864 alijaribu kuupanda, akashindwa, akarudi. Akaandika katika gazeti lake ya kuwa hakuna kiumbe hai asiye na mabawa awezaye kufika pale. Lakini miaka minne baadaye, tarehe 23 Agosti 1868, Byers yuyo huyo alisimama kileleni pamoja na John Wesley Powell na wenzao watano. Powell naye alikuwa mtu wa mkono mmoja, maana mkono wake wa kuume ulikatwa baada ya kujeruhiwa vitani mwaka 1862.

Hapa pana fundisho la kwanza, na tulishike mpaka mwisho wa somo. Byers alirudi nyuma mwaka 1864, na kwa kuwa alirudi, alikuwa hai mwaka 1868. Mlima haukuhama. Aliyegeuka kwa wakati wake hajapoteza kitu ila siku moja.

Mwaka 1871 mhubiri mmoja, Elkanah Lamb, alipanda peke yake, akachagua kushuka kwa upande wa mashariki, ambao ni genge. Akateleza juu ya barafu, akaenda kasi kuelekea shimoni, akaokoka kwa kushika ncha ya jiwe. Mahali pale huitwa kwa jina lake hata leo. Baadaye yeye na mwanawe walifanya kazi ya kuwaongoza wageni mlimani, wala hawakuwapeleka kwa njia ile ya barafu.

3. Njia ilivyo

Watu wengi huanza safari saa tisa za usiku, au kabla yake, wakiwa na taa. Kwanza hupita msituni, penye njia nzuri na vijito vya maji. Ifikapo mita 3,350 hivi miti hukoma, kwa sababu ya baridi na upepo. Tangu hapo hakuna kivuli wala kinga. Kisha huja uwanja mkubwa wa mawe, mengine ukubwa wake kama kibanda, na mtu hana budi kuruka kutoka jiwe hata jiwe.

Baada ya kilometa 10 hivi wafika kwenye pengo katika ukingo wa mlima, lililo wazi kama tundu la ufunguo, na kwa Kiingereza huitwa kwa jina hilohilo. Hapo ni mita kama 4,000. Mtu aliyechoka huliona pengo lile akadhani amekwisha kufika, maana zimebaki kilometa mbili tu. Lakini hapo ndipo kazi inapoanza. Njia ya udongo imekwisha. Mbele yake ni miamba mitupu, na mpandaji hufuata alama za rangi nyekundu na njano zilizopakwa mawe. Hupita kwanza katika kingo za mwamba. Kisha hupanda korongo refu lenye mawe yasiyokaa imara, nalo huitwa Hori. Kisha hupita mahali pembamba sana, mwamba upande mmoja na shimo upande wa pili. Na mwisho hupanda mwamba laini ulioinama sana, akitumia mikono na miguu. Juu yake ni kilele, nacho ni uwanja mpana wa mawe.

Katika miezi ya kiangazi cha kule, tangu katikati ya Julai mpaka kadiri ya katikati ya Septemba, miamba hiyo mara nyingi huwa mikavu. Nyakati nyingine huwa na theluji na barafu, na asiye na vifaa na mafunzo asiikaribie. Hata hivyo katika mlima huu wamekufa watu zaidi ya 60 tangu habari zilipoanza kuandikwa.

4. Kwa nini saa sita ya mchana ni mpaka

Sisi tukaao chini ya Kilimanjaro twajua ya kuwa mlima huonekana vizuri alfajiri, na kufikia mchana umejifunika mawingu. Sababu yake ni hii. Jua lipandapo, huzipasha joto mbavu za mlima. Hewa iliyopata joto huwa nyepesi, hupanda juu, nayo huchukua unyevu wake. Ifikapo juu hupoa, na unyevu ule hugeuka kuwa wingu. Wingu likiendelea kukua huleta mvua, mvua ya mawe, na radi.

Katika Colorado, wakati wa kiangazi, jambo hili hutokea karibu kila siku baada ya adhuhuri, na mara nyingine kabla yake. Radi hupenda kupiga kitu kilichoinuka kuliko vingine, na juu ya kilele kilicho uchi kitu kilichoinuka ni mwanadamu. Mwaka 1922 mtu mmoja aliuawa kwa radi katika kilele cha Longs Peak. Ndiyo sababu waongozi wa kule hushika kanuni ya kwamba saa sita ya mchana isimkute mtu kileleni, bali imkute amekwisha kushuka sana. Wala mtu asingoje kusikia ngurumo. Wingu jeupe likianza kukua juu kama kichuguu na kuwa jeusi chini, hiyo ni barua tosha. Nywele zikisimama, au mawe yakivuma kama nyuki, amechelewa. Na ashuke mara moja, aondoke katika ukingo na katika kila mahali palipoinuka.

5. Hewa ya juu

Jambo la pili ni hewa. Katika kimo cha mita 4,300 na zaidi kila pumzi humpa mtu kama sehemu sita tu katika kumi za hewa aipatayo pwani. Moyo hupiga mbio, miguu huwa mizito, kichwa huuma, na chakula hakipendezi tena. Apandaye kwa siku nyingi huuzoeza mwili wake. Apandaye kwa siku moja hana nafasi hiyo. Basi yampasa kulala kwanza usiku mmoja au miwili mahali palipoinuka kabla ya siku ya kupanda. Wageni wa Longs Peak huweza kulala katika mji wa Estes Park, ulio kama mita 2,300.

Hata akifanya hivyo, na ajue dalili. Kuumwa kichwa kidogo na kuchoka ni mambo ya kawaida, yataka kupumzika na kunywa maji. Lakini mwenzenu akianza kuyumba kama mlevi, au akisema maneno yasiyopatana, au akikohoa na kukosa pumzi hata akiwa ameketi, basi safari ya kupanda imekwisha kwa wote. Dawa ya kwanza ni kushuka, na kushuka upesi. Msimwache aketi peke yake, mkisema mtamchukua wakati wa kurudi.

Tena hewa hiyo nyembamba hupunguza akili kabla mtu hajajua ya kuwa imepungua. Aliye juu aweza kusema, Mimi ni mzima, twendeni tu, wakati ambapo hawezi hata kujifunga kamba ya kiatu. Hapa pana hatari iliyofichika: uamuzi mkubwa kuliko yote, yaani kuendelea au kurudi, hutakiwa kwa mtu katika saa ile ambayo akili yake ni dhaifu na tamaa yake ni kubwa.

6. Habari ya Agnes Vaille

Agnes Vaille alikuwa katibu wa chama cha wafanya biashara katika mji wa Denver, naye alikuwa mpanda milima hodari. Alitamani kulipanda genge la mashariki la Longs Peak katika majira ya baridi, jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelifanya. Alijaribu, akageuzwa, akajaribu tena, akageuzwa, na kila alipogeuka alirudi salama.

Mwezi wa Januari 1925 alikwenda tena pamoja na Walter Kiener, mtu wa Uswisi aliyeijua milima. Rafiki zake walimwonya asiende. Tarehe 11 Januari asubuhi wakaanza kupanda. Barafu ilikuwa nyingi, na mwendo ukawa wa polepole mno. Jua likachwa wangali katikati ya genge. Wakaendelea usiku kucha, na kama saa kumi za alfajiri, tarehe 12, wakafika kileleni. Baridi ilikuwa kama digrii 25 chini ya sifuri, na upepo ulikuwa mkali.

Basi, wapenzi, angalieni neno hili: Agnes Vaille alifika. Alilolitafuta alilipata. Lakini nguvu za kumrudisha nyumbani alikuwa amekwisha kuzitumia njiani. Walipokuwa wakishuka kwa upande wa kaskazini aliteleza, akaanguka mbali, akatua katika theluji. Kuanguka hakukumwua, lakini hakuwa na nguvu tena za kwenda. Kiener alishuka peke yake kutafuta msaada, akakutana na watu waliokuwa wamekuja, akarudi nao katika tufani. Walipomfikia walimkuta amekwisha kufa kwa baridi.

Wala haikuishia hapo. Mmoja wa wale waliotoka kumsaidia, Herbert Sortland, hakuweza kuendelea, akageuka kurudi, akapotea katika tufani. Maiti yake ilionekana baada ya majuma kadhaa. Naye Kiener alipotewa na vidole vya mikono na vya miguu, maana viliuawa na baridi. Hata hivyo hakukata tamaa katika maisha yake. Alijifunza elimu ya mimea, akawa mtaalamu, akaichunguza mimea ya mlima uo huo.

Mwaka 1927 kilijengwa kibanda cha mawe karibu na lile tundu la ufunguo, chenye umbo kama mzinga wa nyuki wa kizungu, kwa ukumbusho wa Agnes Vaille. Na jina la Sortland nalo limeandikwa pale. Kila apandaye kwa njia ya kawaida hukipita asubuhi, kabla ya kuingia katika miamba.

Hatusemi hayo ili kumhukumu marehemu. Alikuwa na moyo mkuu kuliko wengi wetu. Twayasema kwa sababu yeye hakufa kwa kutojua kupanda, wala kwa woga, wala kwa kukosa bidii. Alikufa kwa sababu siku ilikwisha kabla ya safari, naye akaendelea. Tena kifo chake kilimvuta mtu mwingine, ambaye yeye hakupata kukitamani kilele kile. Anayekataa kugeuka haweki rehani maisha yake tu. Aweka na ya wale watakaotoka usiku kumtafuta.

7. Kwa nini kushuka ni kugumu

Wengi hudhani ya kuwa kupanda ni kazi na kushuka ni kupumzika. Sivyo. Apandapo, mtu huyaona mawe mbele ya uso wake, na mikono humsaidia. Ashukapo, hulitazama shimo, wala hajui mguu utakanyaga wapi. Apandapo, akikosea hatua, huanguka kwa magoti. Ashukapo, huanguka mbele na kuviringika. Mapaja yaliyochoka kwa kusukuma hutakiwa sasa kuuzuia mwili kila hatua, na magoti hutetemeka. Maji yamepungua katika chupa. Macho yamechoka kwa jua.

Lakini shida kubwa imo moyoni. Aliyefika kileleni hujisemea, Kazi imekwisha. Hulegea, huzungumza, huharakisha ili awahi nyumbani. Haraka haraka haina baraka, wala mahali popote mithali hiyo si ya kweli kuliko katika mwamba wenye unyevu saa nane ya mchana. Kilele si mwisho wa safari. Kilele ni nusu yake, tena ni nusu iliyo rahisi.

8. Hesabu ya kufanywa nyumbani

Kwa hiyo saa ya kugeuka sharti iwekwe nyumbani, mtu akiwa ameketi, ameshiba, na akili yake imetulia. Tuchukue mfano wa Longs Peak. Kikundi chaanza saa tisa za usiku. Kwenye tundu la ufunguo kifike saa moja na nusu asubuhi, na kileleni saa nne. Kupumzika ni kidogo. Saa sita kiwe kimekwisha kurudi kwenye tundu la ufunguo, na saa kumi ya alasiri kiwe kimefika kilikoanzia, jua likali juu. Basi wote wakubaliane kabla ya kulala: Saa nne na nusu, popote tulipo, twageuka. Hata kama kilele ki karibu kama kanisa na nyumba ya mwalimu, twageuka. Na mmoja wao apewe saa na daftari, naye asiwe yule mwenye tamaa kuliko wenzake.

Zaidi ya hayo na waangalie mambo haya:

Maji na chakula. Nusu ya vyote ni ya kushukia. Chupa ikifikia nusu na kilele bado ki mbali, chupa imekwisha kusema neno lake.

Nguvu. Kwa nguvu, nusu haitoshi. Apandaye na azibakize zaidi ya nusu.

Mavazi. Katika shanta ya kila mmoja iwemo sweta ya sufu, koti la mvua, kofia na glovu, hata kama asubuhi ni nzuri. Jasho la kupandia likipigwa na upepo wa juu hugeuka kuwa baridi iuayo.

Taa. Kurunzi ichukuliwe hata na wale wanaotumaini kurudi mchana. Wote waliokutwa na giza walitumaini hivyo.

Mwendo. Mwendo wa kikundi ni mwendo wa aliye wa polepole kuliko wote. Yeye na atangulie. Kikundi kisigawanyike.

Habari. Mtu mmoja aliyebaki nyumbani ajue njia watakayoipita, hesabu yao, na saa ya kuwatazamia.

Maonyo. Aijuaye nchi akisema, Leo msiende, asikilizwe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na mlimani kuvunjika guu si mithali.

9. Milima ya kwetu

Msomaji aweza kusema, Hayo ni ya Marekani, penye theluji, yatuhusu nini? Lakini sisi nasi tuna milima ipandwayo na kushukwa kwa siku moja. Hanang, juu ya mji wa Katesh, yapata mita 3,420, na wenye nguvu huenda na kurudi siku moja. Longonot katika Kenya, kama mita 2,780, ni wa kazi chache zaidi, nao wageni wengi huudharau. Ol Doinyo Lengai, ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu, ulioko kusini ya ziwa Natron, hupandwa usiku wa manane ili kupacha kunakokuche wapandaji wawe juu.

Kila mlima una adui wake. Katika Longs Peak ni radi na baridi. Katika Lengai ni jua: hakuna mti, hakuna maji, mbavu zake ni za majivu yanayoteleza na miamba mikali, na anayeshuka saa tano ya asubuhi hushuka katika tanuru. Tena ni mlima wa moto. Mwaka 2007 na 2008 ulilipuka kwa nguvu, na yampasa mtu kuwauliza wenyeji habari zake kabla ya kwenda. Katika Hanang ni mvua: Desemba 2023 mvua kubwa iliporomosha matope na mawe kutoka mlimani, watu zaidi ya 80 wakafa huko Katesh na vijiji vya jirani. Basi adui hubadilika, lakini hesabu ni ile ile. Mjue adui wa mlima wenu ni nani, huja saa ngapi, na muwe mmeshuka kabla hajafika.

Mwalimu au mzee anayewaongoza vijana, neno hili ni lako hasa. Watakapokuwa wamebakiza hatua mia tatu, na saa imetimia, watakusihi. Watasema, Tumetoka mbali. Watasema, Wenzetu wa sharika nyingine walifika. Wewe ukisema, Tugeuke, jioni ile watanung'unika, na pengine watakuita mwoga. Ukubali. Kunung'unika kwa watoto wote waliorudi ni sauti nzuri. Uwakumbushe Byers, aliyegeuka mwaka 1864 akasimama kileleni mwaka 1868. Mlima utakuwapo mwakani, nao wawepo.

Maswali ya kujifunza

Maswali haya yafaa kuzungumzwa katika kikundi cha vijana, kabla ya kupanga safari yoyote.

1. Kilimanjaro ni kirefu kuliko Longs Peak. Kwa nini basi mtu aweza kupata taabu ya hewa katika Longs Peak upesi?

2. Mawingu ya mchana hutokea namna gani juu ya mlima? Mmeyaona wapi katika nchi yenu?

3. Agnes Vaille aligeuka mara nyingine zote, ila mara ile moja. Ni mambo gani yamzuiayo mtu kugeuka, hata akijua ya kuwa imempasa?

4. Herbert Sortland hakupanda kwa ajili ya kilele. Habari yake yatufundisha nini juu ya deni letu kwa watu wengine?

5. Chagueni mlima mmoja wa karibu. Adui wake ni nani? Andikeni saa ya kuanza, saa ya kufika, na saa ya kugeuka. Kisha kila mmoja atie sahihi yake chini ya saa ya kugeuka, na karatasi hiyo achukue yule mwenye saa.